Kilo za Nambambo

Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi ofisi, Dokta Neema aliwasha projekta kwenye chumba chetu cha mikutano akatufundisha habari za kingamwili. Ilikuwa zamu yake ya kusomesha wenzake asubuhi, na mada aliichagua mwenyewe: matibabu mapya ya kukonda kwa wagonjwa wa saratani. Alieleza vizuri. Kwenye damu ya wengi wao, alisema, kuna protini inayozidi kiasi. Inakwenda hadi kwenye ubongo na kuuambia uache kutaka chakula. Sasa watafiti wametengeneza kingamwili maabara, mgonjwa anachomwa sindano, na ile protini inakamatwa njiani kabla haijafika. Baadhi ya waliojaribiwa wameanza kula tena na uzito umepanda.

"Bado ni majaribio," alisema Neema. "Lakini tuondoke na jambo moja. Mgonjwa wa saratani hakondi kwa sababu hajalishwa."

Mliokuwepo mtakumbuka kwamba hapo nilitoka nje. Nilisingizia kwamba napigiwa simu. Simu yenyewe niliiacha mezani, imezimwa, na Neema akaiona, ila ana adabu zake.

Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, na nahisi mlitarajia vyeo na semina. Vyeo vyangu havijazi ukurasa, na kwenye semina ninachokumbuka zaidi ni chai. Nitaandika habari za mtu mmoja aliyekonda, mke wake, na mizani ya korosho. Majina nimeyabadilisha. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini niliiacha simu.

Nilifika Nachingwea katikati ya miaka ya tisini, juu ya lori la saruji, nikiwa na shahada ya udaktari kwenye begi na stethoskopu mpya shingoni. Sikuivua safari nzima. Nilitaka abiria wenzangu wajue wamepanda na nani, na walijua, maana kila lori lilipokwama walinishusha kwa heshima nisukume pamoja nao. Mimi ni Mpare wa Same. Watu wa kwetu tunatajwa kwa ubahili na kwa kupenda kesi. Ubahili nakataa.

Aliyenipokea hospitalini ni Mzee Kapinga, daktari msaidizi ambaye alikuwa ameiendesha wodi ya wanaume tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Aliitazama stethoskopu yangu kwa makini.

"Kifaa kizuri," alisema. "Mizani umekuja nayo?"

"Hapana, Mzee."

"Basi umekuja kusikiliza tu."

Alikuwa na sababu. Mizani ya watoto tulikuwa nayo, nzima, tena ya akiba ilikuwa stoo ndani ya boksi lake, kwa sababu wafadhili wanapenda watoto. Mizani ya watu wazima ilikufa springi na hakuna aliyejitokeza kuifadhili. Mtu mzima akihitaji kupimwa uzito kweli kweli, tulimpeleka kwenye ghala la korosho akasimama juu ya mizani ya magunia. Msimu wa korosho ukiwa umechanganya, alisubiri zamu yake nyuma ya magunia.

Kwa siku za kawaida Kapinga alinifundisha kupima bila mizani. Zungusha vidole kwenye mkono wa juu. Tazama pete ya ndoa, kama imefungwa uzi isidondoke. Zaidi ya yote, tazama mkanda wa suruali. "Mwanamume akitoboa tundu jipya kwa msumari," alisema, "andika kifua kikuu, ukimwi au saratani, halafu anza kutafuta ni ipi." Chuoni nilifundishwa hesabu ndefu ya urefu na uzito. Mpaka leo naanza na mkanda.

Mara moja kwa mwezi tulikwenda Ruangwa kuendesha kliniki, na kliniki ikiisha tulikula kwa Mama Zuhura. Alikuwa na mgahawa karibu na soko: mabenchi, turubai, masufuria makubwa, na yeye mwenyewe nyuma ya masufuria akitukana wateja kwa upole. Kisamvu chake cha karanga kilimfanya dereva wetu, mtu mgumu wa kuamka, awe wa kwanza kwenye gari siku ya Ruangwa. Mumewe, Selemani, alikuwa mpagazi kwenye ghala la korosho la pale Ruangwa. Alibeba gunia kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, bila haraka, akiinamisha shingo kidogo ili likae vizuri.

"Dokta, wewe bado mwembamba," Mama Zuhura aliniambia mara ya kwanza. "Kwenu Upareni mnakula kwa kupimiana?"

"Tunakula, mama, ila hatumwagi."

"Mtazame Selemani. Yule nimemjenga mimi mwenyewe. Aliletwa hapa kijiti."

Selemani alicheka akaendelea kula. Kweli alikuwa tangazo la biashara la mkewe. Watu walimwona akiingia ghalani na mgongo wake mpana, wakaenda kula alikokula yeye.

Basi mwezi mmoja nikamkuta kwenye benchi na mkanda wenye tundu jipya. Mama Zuhura alimpakulia, akala vijiko vitatu, akaisogeza sahani.

"Siku hizi chakula changu kina mchanga," alisema Mama Zuhura, akimtazama mteja mwingine.

"Hakina mchanga," alisema Selemani. "Tumbo ndilo limekuwa bwana mkubwa. Linachagua."

"Linachagua kula kwa nani?"

Wateja walicheka. Mimi nilimwomba Selemani twende kliniki mara moja. Chini ya mbavu za kulia ini lilikuwa limejitokeza, gumu, lenye vinundu kama mfuko wa mawe. Nilimwandikia rufaa kwenda hospitali ya misheni iliyokuwa na mashine ya kupiga picha ya tumbo, na jibu likarudi kama nilivyoogopa: saratani ya ini, imeshasambaa, hakuna cha kukata. Kapinga aliisoma, akanirudishia. "Dawa ya maumivu," alisema. "Na umtembelee."

Wenzangu vijana, mkumbuke miaka ile ilivyokuwa. Mtu akikonda, mtaa ulikuwa na jibu moja tu, na ulilitoa kabla ya daktari. Waliokuwa wanakula kwa Mama Zuhura wakaanza kuja na vikombe vyao vya kunywea. Selemani alinifuata mwenyewe. "Nipime ule ugonjwa," alisema. "Halafu uniitie Mjomba, umsomee jibu asikie kwa masikio yake." Upande wa kwao Selemani, mwenye neno la mwisho ni kaka wa mama. Mjomba akisema, kikao kimesema.

Nilimpima. Hakuwa na virusi. Siku ya kikao Mjomba Chitanda alikuja Ruangwa kutoka Nambambo, kijijini kwao, pamoja na Asumini, dada yake Selemani, tukakaa uani kwa mgonjwa. Nilisoma jibu. Mtu mmoja alitafsiri kwa Kimwera kwa ajili ya wazee, na nikaona mabega ya watu yakishuka. Selemani alifunga macho. Mama Zuhura aliyekuwa amesimama mlangoni akaketi chini pale pale.

Kwa dakika chache nilijiona daktari wa kweli. Kisha Mjomba akakohoa.

"Tumeshukuru, Daktari. Kwa hiyo si ule ugonjwa. Ni nini basi kinachommaliza?"

Nikaeleza saratani. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akauliza hiyo saratani ya ini inamzuiaje mtu kunenepa wakati ini liko tumboni na chakula kinaingia kwa mdomo. Swali lilikuwa zuri na nilikuwa na jibu, ndilo lililoniponza. Mwenzangu wa chuo aliyekwenda kusoma ng'ambo alikuwa amenitumia jarida la kitabibu. Humo niliisoma habari ya protini iliyopewa jina linalotokana na kukonda. Panya waliokuwa nayo kwa wingi walikonda mbele ya chakula chao. Walipochomwa kingamwili ya kuikamata, kukonda kulipungua. Niliisimulia habari hiyo uani pale kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kumsimulia. Nikasema: mnaona, hata panya mwenye chakula anakonda, tatizo liko kwenye damu, haliko kwenye sufuria.

Mjomba alisubiri tafsiri iishe.

"Hao panya," aliuliza, "walikuwa na wake?"

"Hapana, Mzee."

"Walipikiwa na nani?"

Uani wakacheka, hata mtafsiri. Asumini hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya kaka yake.

"Mimi sijasoma," alisema. "Naona mifupa tu. Mume wa mama lishe, anakonda kuliko mjane asiye na shamba. Watu wa barabarani wanashiba, mwenye nyumba anakufa njaa. Haya."

Nilimfutia mume tuhuma moja, na kwa mdomo ule ule nikamfungulia mke tuhuma nyingine. Kama ningetangaza ugonjwa wa wakati ule, wangeuchukia ugonjwa, au wangewachukia wote wawili. Nilipowaambia si huo, walibaki na jiko.

Uamuzi wa Mjomba ulikuwa kwamba Selemani ahamie Nambambo akalishwe na dada yake. Na kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, apimwe kwanza. Katika nchi ya korosho hoja haimaliziki bila mizani, na mizani haisomwi bila mashahidi, mmoja wa muuzaji na mmoja wa mnunuzi, maana kila mmoja ana kisa chake cha kuibiwa. Kwa hiyo jiko la Asumini lilipewa shahidi, ambaye ni Mjomba mwenyewe. Jiko la Mama Zuhura lilitafutiwa shahidi, watu wakatazama miguu yao. Nikasema nitakuwa mimi. Nimewaambia watu wa kwetu tunapenda kesi.

Tulikwenda ghalani. Wapagazi walikuwa wanashusha mzigo, wakasimama. Selemani alipanda juu ya ule ubao ambao aliulisha magunia miaka yote, akashika mlingoti wa mizani. Karani akasogeza chuma, akakirudisha, akakisogeza tena. Mmoja wa wapagazi, nadhani kwa kutojua afanye nini, alisema wasisahau kutoa uzito wa gunia.

"Msinikate uzito wa gunia," alisema Selemani. "Sijalivaa leo."

Walicheka sana, kupita kiasi. Mashahidi tukasoma, tukakubaliana.

Mama Zuhura alimfungia mumewe shuka mbili, kikombe chake, na kopo la karanga za kusaga. Asumini alilitoa kopo kwenye mzigo akamrudishia, bila ukali.

"Karanga kwetu zipo, wifi."

Nilikwenda Nambambo kumwona, nikiwa nimepanda gari la chanjo. Nataka niseme haki: sijawahi kuona mgonjwa aliyetunzwa vile. Asumini alikuwa amechinja kuku wake karibu wote. Alikoroga uji, alichemsha mayai, aliamka kabla ya jogoo waliobaki. Lakini kwenye kona ya chumba, chini ya kawa la kufunikia chakula, nilikuta sahani zimejaa: ya asubuhi haijaguswa, na ya mchana imechokolewa pembeni. Asumini alifuata macho yangu.

"Amekula alfajiri," alisema.

Alipotoka, Selemani akanong'ona. "Dokta, nakula kwa macho. Ila usimwambie, ataniletea na macho ya kuku."

Niliinua shuka. Uso ulikuwa umekwisha, mabega yamekwisha, lakini tumbo lilikuwa limejaa na miguu imevimba. Nilibonyeza ugoko, dole likaacha shimo. Ini lilikuwa limeshindwa kazi na maji yalikuwa yanajaa mwilini. Nikajua kitakachotokea wakimpima, na nikajua watampima.

Walimpima siku ile ile kwenye kituo cha kununulia korosho, mashahidi tukasoma, na kilo zilikuwa zimepanda. Si kidogo. Wanawake walipiga vigelegele. Mjomba alizunguka na habari ile kijijini kama aliyezaliwa upya, na habari ilifika Ruangwa kabla ya gari langu: Selemani ameongezeka kwa dada yake.

Nikaomba kikao, kikafanyika Nambambo. Safari hii niliapa sitawataja panya. Nilifikiri njia nzima mfano gani mkulima wa korosho hawezi kuupinga, na nilipoupata nilijipongeza. Nilisimama nikasema kilo zile ni za maji. Tazameni uso, tazameni mikono, nyama imezidi kupungua, kilichoongezeka ni maji ya ugonjwa. Nyinyi wenyewe, nikasema, mnazijua korosho zilizonyunyiziwa maji. Kwenye mizani zinapanda, lakini kilichopanda si korosho.

Wazee walitazamana, nikadhani wameelewa.

"Daktari," alisema Mjomba taratibu, "unasema mpwa wangu ananyunyizia maji korosho?"

Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kule. Mtu anaweza kusamehewa kuiba mke wa mtu, lakini aliyewahi kukamatwa na gunia la maji anatajwa nalo hata kwenye arusi ya mjukuu wake. Nilijaribu kujitoa nikazidi kuzama. Nilisema sisemi ameiba, nasema mgonjwa huyu hali popote, wala hapa hali, nimeziona sahani chini ya kawa. Asumini akaanza kulia.

"Amekuja kuhesabu sahani zangu," alisema. "Kaka yangu anapata nafuu, na huyu ametumwa na yule mwanamke aje kuhesabu sahani."

Walinisindikiza hadi garini. Nikapewa hata jogoo wa kuondokea, mmoja wa waliobaki, maana ugomvi ni ugomvi na mgeni ni mgeni. Nilimpokea. Kapinga alipomwona jogoo aliuliza kama nimeshinda kesi.

Selemani alifariki muda si mrefu baadaye, akiwa mzito kuliko alivyoondoka Ruangwa. Alizikwa Nambambo. Aliyesoma historia ya marehemu alisema aliugua akiwa Ruangwa, akaletwa nyumbani, na alikuwa ameanza kupona. Watu waliitikia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na Kapinga, na Kapinga alinishika kiwiko, akijua mdomo wangu.

Mama Zuhura alikuwa ameketi mwisho wa mkeka. Wanawake walipoinuka kwenda kuandaa chakula cha watu naye aliinuka, akachukua ungo wa mchele aanze kuchagua. Mwanamke mmoja, kwa upole kabisa, aliutoa ule ungo mikononi mwake. "Wewe pumzika," alimwambia. Akampa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo hukumu niliyoishuhudia. Haikuandikwa popote na hakuna mahali pa kuikatia rufaa. Tuliporudi Ruangwa mwezi uliofuata, kwenye mgahawa kulikuwa na wateja wachache waliokula haraka. Mwezi mwingine kulikuwa na sisi tu. Dereva wetu, aliyekuwa akiamka mapema kwa ajili ya kisamvu, alisema siku hizi karanga zinamsumbua. Watu hawakumwogopa Mama Zuhura wala hawakumtukana. Walikuwa tu hawawezi kula chakula cha mwanamke aliyemkondesha mumewe, na kila mmoja alikuwa na udhuru wake mdogo wa tumbo. Masufuria aliyauza. Alifungua dirisha la duka nyumbani kwake akauza sabuni, viberiti, mafuta ya taa. Nilimuuliza kwa nini asiweke hata maandazi.

"Nauza visivyoingia mdomoni, Dokta," alisema. "Hivyo wananunua."

Miaka ya elfu mbili iliingia na mambo mengi mazuri, na sitawanyima. Tulipata mizani ya watu wazima. Zikaja dawa za ukimwi, na watu niliokuwa nimeshawaaga walirudi kliniki na mashavu, wakinidai niwatambue. Ndipo kukonda kulipoanza kuniuma kwa namna mpya. Nilikuwa naona kwa macho kwamba mwili uliokwisha unaweza kurudi, mradi ushike kitu kinachoumaliza. Lakini wa saratani waliendelea kukonda mbele ya sahani. Zile kingamwili za panya, nilivyosoma baadaye, zilipojaribiwa kwa watu hazikuleta kilichotarajiwa, na jarida la mwenzangu likaishia kuegemezea mlango. Na kila mgonjwa wa saratani aliyekuja na jamaa zake, kabla sijamaliza kumsalimia, kulikuwa na mmoja aliyegeuka kumtazama anayepika. Nilijifunza kuwahi. "Shikamoo mama, nani anampikia mgonjwa? Wewe? Unapika vizuri, nimeona, ila ugonjwa wake unakataa chakula." Nililisema mbele ya wote kabla ya kugusa mgonjwa. Wanafunzi waliokuwa wakipita wodini waliniona mzee mwenye maneno mengi. Labda kazi yangu yote ya saratani ilikuwa hiyo sentensi, kwa kuwa dawa sikuwa nayo.

Sasa mnajua kwa nini niliacha simu mezani. Neema alikuwa amesimama mbele ya ukuta na picha ya rangi inayoonyesha protini na kingamwili vikishikana kama mkono na kitasa, na mimi nilikuwa nasikia vigelegele vya kituo cha korosho.

Baada ya kukabidhi ofisi nilikwenda Ruangwa. Mji umekuwa na mabango. Kijana wa bodaboda aliniuliza naenda kwa Mama Zuhura yupi, nikasema wa sabuni, akanifikisha. Nilimkuta dirishani, kanga kichwani, miwani puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dokta? Umezeeka vibaya."

"Nimestaafu."

"Wamekuchoka?"

"Tumechokana."

Alinifungulia mlango wa ndani nikakaa kwenye kreti la soda, nikamweleza. Safari hii sikutaja panya wala korosho. Nilisema imegundulika protini kwenye damu inayouambia ubongo wa mgonjwa ukatae chakula, na kuna sindano inayoikamata, na baadhi ya wagonjwa waliochomwa wameanza kula. Nikasema kwa hiyo sasa inajulikana, hata kwa vipimo: Selemani hakukonda kwa jiko lake. Nilijisikia nikisema kama wakili.

Alikuwa anakata mche wa sabuni kwa waya. Aliukata hadi mwisho.

"Hiyo sindano ipo Nachingwea?"

"Haipo."

"Dar?"

"Bado. Hata huko ilikotoka wanaijaribu."

"Kwa hiyo umenifungia safari kuniletea dawa isiyokuwepo ya mtu asiyekuwepo."

Alivipanga vipande vya sabuni, kimoja juu ya kingine.

"Hao wanaochomwa," alisema baadaye, "walipokuwa hawali, walikuwa wanawachukia wanaowapikia?"

"Hapana. Wanachukia chakula. Hata wakitaka wasikichukie, hawawezi."

"Mbona kwa wifi alikula."

"Hakula," nikasema.

Aliacha sabuni.

"Nilikwenda Nambambo mwenyewe. Sahani zilikuwa chini ya kawa, ya asubuhi na ya mchana, zimejaa. Hakula kwa Asumini kama alivyokuwa hali kwako. Zile kilo zilikuwa maji. Nilisema haya kwenye kikao, mbele ya Mjomba na mbele ya Asumini."

"Kikao cha wapi?"

"Nambambo."

"Kikao cha Nambambo sikuitwa."

"Nilidhani maneno yalikufikia."

"Zilinifikia kilo," alisema. "Walikuja hapa kuniambia ameongezeka. Nikasema, basi anakula. Kwangu alikuwa hataki, kwa dada yake anakula. Mimi ya wateja niliyazoea, Dokta. Watu ni watu. Lakini nimelala na hilo: kwamba alikuwa na njaa, akaishika mpaka afike kwa dada yake."

Alivua miwani akaifuta kwa pembe ya kanga. Nilikuwa nimemletea kingamwili kutoka ng'ambo, kumbe alichokosa miaka yote ni sahani mbili za Nambambo.

"Zilikuwa na nini?" aliuliza.

"Nini?"

"Hizo sahani."

"Wali. Kuku wa kienyeji. Mayai ya kuchemsha."

"Asumini hajui kuku," alisema. "Anamkausha." Akavaa miwani. "Hata mimi mzima nisingemla."

Kisha akafunga dirisha la duka, saa za biashara kabisa, akaniambia nisiondoke. Nilikaa kwenye kreti nikasikia kinu, na baadaye harufu ya kisamvu na karanga ikaja hadi kwenye sabuni. Alitoka na benchi, akaliburuta mpaka nje mbele ya nyumba, akalitazamisha barabarani.

"Kaa huku."

"Kuna jua, mama. Nitakula ndani."

"Kaa huku huku," alisema. "Na ule polepole."

Nilikaa. Akaniwekea sahani mapajani akasimama mlangoni, mikono kiunoni, kama zamani. Watu walipita. Wengine walisalimia, mmoja alirudi nyuma hatua moja kutazama vizuri, vijana wa bodaboda wakageuza shingo. Nilimaliza. Akanipakulia tena, imejaa, bila kuniuliza. Sahani ya pili ilinishinda ikiwa nusu.

Nikaimaliza.